Siku moja kwenye meza ya matangazo: kazi ngumu ni kuuzuia mkono

Saa 1:30 asubuhi

Kazi ya kwanza ya siku ni kutazama bila kugusa kitu. Hakuna saa yenye kishawishi kama hii kwa anayesimamia matangazo ya biashara ndogo kwenye Facebook, Instagram au TikTok. Unafungua dashibodi (ukurasa wa takwimu za matangazo), unaona fedha imeshaanza kuliwa na oda ni sifuri, kidole kinakwenda moja kwa moja kwenye kuzima. Lakini siku ya tangazo huanza usiku wa manane kwa saa za eneo zilizowekwa kwenye akaunti, na aliyeona tangazo alfajiri huenda akanunua jioni au keshokutwa. Hesabu ya saa hizi haijaiva.

(Hizo saa za akaunti nazo ni mtego. Ukizikosea siku ya kufungua akaunti ya matangazo ya Meta (kampuni yenye Facebook na Instagram), kuzibadilisha baadaye ni sawa na kufungua akaunti mpya. Sarafu ni hivyo hivyo.)

Nakagua mambo matatu basi. Kuna tangazo lililokataliwa? Malipo yamepita? Linki inafunguka? La tatu nalifanyia kwenye simu, tena kwa data ya kawaida, kwa kuwa ukurasa unaofunguka upesi kwenye kompyuta yenye waifai unaweza kuvuta sekunde kumi mkononi mwa mteja. Mteja hasubiri sekunde kumi. Linki naichukua kwenye hakikisho la tangazo (preview), sibofyi tangazo lenyewe. Mwenye biashara anayebofya tangazo lake mara tano kwa siku anajilipisha mwenyewe na kuchafua takwimu zake.

Saa 2:30 asubuhi

Daftari na kikokotoo, kabla ya picha na maneno matamu. Ukiuza bidhaa kwa 100, ukainunua kwa 55, na ufungaji na usafirishaji ukala 15, kilichobaki mkononi ni 30. Hiyo 30 ndiyo dari yako: ukilipia tangazo 30 ili kupata mnunuzi mmoja, umefanya kazi bure. Ukilipa 18 umebakiwa na 12. Ukilipa 40, kila oda inayoingia inakuzamisha, na kadiri oda zinavyozidi ndivyo unavyozama kwa furaha.

Kwa mfano huo huo, kila 1 unayotumia kwenye tangazo inapaswa kurudisha mauzo ya zaidi ya 3.3 (100 gawanya kwa 30) ndipo uanze kuona faida. Wengi huona mauzo yamekuwa mara mbili ya gharama ya tangazo wakashangilia, wakati mtaji unaliwa. Kama wateja hurudi kununua tena, unaweza kukubali faida ndogo kwenye oda ya kwanza, ila urudiaji huo uwe umeuona kwenye daftari, usiwe wa kukisia.

Saa 3:30 asubuhi

Hapa ndipo penye kazi ya siku: kupanga kampeni mpya. Kosa kubwa kuliko yote hufanyika kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, ule unaokuuliza lengo.

Mfumo hukuletea kile ulichoomba, si kile ulichokuwa unakitamani moyoni. Ukichagua lengo la kupata watu wa kufungua linki, utaletewa watu wenye tabia ya kubofya, na wabofyaji wazuri si lazima wawe wanunuzi. Ukichagua kushirikisha watu, utavuna likes na emoji za moto. Kampeni za Meta zina malengo sita, na biashara ndogo huhitaji moja kati ya mawili: mauzo, ikiwa ina tovuti inayopokea oda, au lengo linaloleta mazungumzo ya ujumbe, ikiwa mauzo hufungwa kwa kuchati. Kitufe cha kuboosti kilicho chini ya posti hukuvuta kwenye njia fupi yenye machaguo machache. Kinafaa kwa posti ya kutangaza kwamba mmehamia jengo jingine. Kwa kuuza, ingia Ads Manager, ukurasa kamili wa Meta wa kupanga matangazo.

Kisha walengwa. Zamani kidogo tulikata kundi hadi likabaki nyuzi: wanawake wa umri fulani, wanaopenda kitu fulani, wenye simu fulani. Siku hizi kukata namna hiyo hupandisha gharama ya kuonyeshwa mara 1,000, kwa sababu unagombea watu wachache na kila mwenye biashara kama yako. Nabana kitu kimoja tu bila huruma: eneo. Kama hupeleki mzigo nje ya mji, usilipie macho ya nje ya mji. Nawaondoa pia waliokwisha kununua, kama bidhaa si ya kununuliwa mara kwa mara.

Bajeti sasa. Ili seti ya matangazo (kundi la matangazo yenye walengwa wamoja) itoke kwenye awamu ya kujifunza, yaani kipindi ambacho mfumo bado unatafuta wa kumwonyesha, Meta huhitaji takribani matokeo 50 ndani ya siku 7. Piga hesabu: kama mnunuzi mmoja hugharimu 18, matokeo 50 ni 900 kwa wiki. Mwenye 10 kwa siku ana 70 kwa wiki, yaani wanunuzi wasiofika wanne. Halafu anaigawa hiyo 10 kwenye seti tano ili "ajaribu"! Kila seti inapata 2, hakuna inayojifunza lolote. Mwenye bajeti ndogo awe na kampeni moja, seti moja, matangazo mawili au matatu ndani yake. Na kama ununuzi ni wachache mno, aelekeze mfumo kwenye hatua ya kabla yake inayotokea mara nyingi zaidi, kama kuweka bidhaa kwenye kikapu au kuanzisha mazungumzo.

Namalizia kwa kukagua pikseli ya tovuti, yaani msimbo unaoupasha mfumo wa matangazo habari za anachofanya mteja kwenye tovuti. Nafungua bidhaa, naiweka kikapuni, nanunua kwa majaribio, natazama kama kila tukio limesajiliwa mara moja. Kosa linalojirudia ni tukio la ununuzi kuhesabiwa mara mbili, kwa kuwa mtu aliweka msimbo kwa mkono na programu-jalizi (plugin) ya tovuti nayo ikauweka. Dashibodi inaonyesha mauzo 20, daftari linasema 10.

Nikibonyeza kuchapisha, ukaguzi kwa kawaida huisha ndani ya saa 24. Ofa ya Ijumaa haipelekwi Ijumaa asubuhi.

Saa 5:00 asubuhi

Picha na video. Sekunde tatu za mwanzo zionyeshe bidhaa ikifanya kazi yake. Nembo ya kampuni inayozunguka kwa sekunde tano ni zawadi kwa mwenye kampuni tu. Maneno ya chini ya video yawepo, kwani wengi hutazama bila sauti. Kwa stori na rili natengeneza pikseli 1080 kwa 1920, na maandishi muhimu nayaweka katikati: sehemu ya juu hufunikwa na jina la ukurasa, ya chini hufunikwa na maelezo na kitufe. Ukiandika bei pembeni chini kabisa, umeiandika nyuma ya pazia. Kwa mpasho wa kawaida (feed), 1080 kwa 1350 hukupa nafasi kubwa zaidi ya kioo kuliko mraba.

Bei iandikwe. "Njoo inboksi kwa bei" ni kumuuzia mtu mbuzi kwenye gunia. Utapata jumbe nyingi, robo tatu za siku zitaliwa na watu ambao bei ingewaondoa mapema bila kukugharimu pumzi.

Maneno nayo yana sheria. Tangazo la Meta haliruhusiwi kumwambia msomaji kwamba ana hali fulani ya binafsi: "Una kisukari?" au "Umelemewa na madeni?" hukataliwa. Andika kuhusu bidhaa: "Viatu laini vya kutembea umbali mrefu." Picha za kabla na baada za kupungua mwili nazo huleta kukataliwa, na kukataliwa mara kwa mara huitia doa akaunti nzima.

Kingine: picha, maneno na ofa visibadilishwe vyote kwa mara moja. Tangazo la kwanza na la pili litofautiane kwa jambo moja, ili ukipata mshindi ujue kilichomshindisha.

Saa 7:00 mchana

Inboksi. Fedha nyingi za matangazo hupotelea hapa, na lawama hubebeshwa tangazo. Mtu akiuliza "bado ipo?" yuko na simu mkononi. Baada ya saa tatu yuko na shughuli nyingine, au ameshanunua kwa jirani yako.

Jibu la kwanza liwe na vitu vinne: ipo au haipo, bei, muda wa kufika, namna ya kulipa. Kisha swali moja jepesi la kusogeza mbele, kama "Uchukue rangi ipi, nyeusi au kahawia?" Jibu la "Karibu, tukusaidie nini?" kwa mtu aliyekwisha kuuliza kitu humrudisha mlangoni. Majibu hayo nayahifadhi kama majibu ya haraka, ila jina la mteja naliandika kwa mkono.

Kama usiku hakuna wa kujibu, usilipie usiku. Kwenye Meta, ukichagua bajeti ya kipindi kizima badala ya bajeti ya siku, unaweza kupanga tangazo lionekane saa zile tu mnazokuwa macho. Mwenye tovuti inayopokea malipo yenyewe hana haja ya hilo.

Maoni yaliyo chini ya tangazo ni sehemu ya tangazo. Lalamiko moja lisilojibiwa linasomwa na kila unayemlipia. Najibu hadharani kwa ufupi, nahamishia mazungumzo faraghani, sifuti isipokuwa matusi na utapeli.

Saa 9:00 alasiri

Sasa ndiyo saa ya kusoma takwimu, na nasoma za siku 7 zilizopita, si za leo. Nafuata njia ya mteja kutoka juu kwenda chini na kutafuta panapovuja. Tangazo linaonyeshwa lakini watu hawabofyi: picha au ofa haiwagusi, badilisha hiyo. Wanabofya, ila waliofika kwenye ukurasa ni nusu yao: ukurasa ni mzito, au mibofyo inatoka kwenye programu za watu wengine ambako vidole huteleza, hivyo natazama mgawanyo wa maeneo ya kuonyeshwa. Wanafika lakini hawaweki kikapuni: bei, picha za bidhaa, au ukurasa hauahidi kile kilichoahidiwa na tangazo. Wanaweka kikapuni halafu wanatoweka: karibu kila mara ni gharama ya usafiri iliyojitokeza mwishoni, au njia ya malipo wasiyokuwa nayo.

Natazama pia marudio, yaani mtu mmoja ameona tangazo mara ngapi kwa wastani. Yakipanda juu ya tatu au nne kwa wiki huku ubofyaji ukishuka, watu wameshalichoka. Dawa ni picha mpya, wala si bajeti kubwa.

Kinachoniuma ni hukumu za haraka. Tangazo moja limeleta oda 5, jingine 3, na la pili linazimwa kwa aibu. Kwa idadi hiyo, tofauti hiyo inaweza kuwa bahati tupu. Kila tangazo nalipatia nafasi ya kutumia walau mara mbili ya ile dari ya asubuhi, kwa mfano wetu 60, kabla ya kusema halifai. Likifika 60 bila oda hata moja, nalizima bila maswali.

Linalofanya vizuri naliongezea bajeti kwa karibu asilimia 20, kisha naliacha siku tatu. Kuruka kutoka 10 hadi 50 kwa siku moja, au kubadilisha walengwa, au kugusa picha, kunaweza kulirudisha kwenye kujifunza upya. Mtu anayerekebisha kila siku ana tangazo ambalo kila siku ni la siku ya kwanza.

Saa 11:00 jioni

Usalama, dakika kumi. Ujumbe unaodai ukurasa wako utafungwa ndani ya saa 24 kwa kukiuka haki miliki, ubofye hapa kukata rufaa, karibu wote ni wezi wa nywila. Arifa ya kweli utaikuta ndani ya akaunti yenyewe. Uthibitishaji wa hatua mbili uwe umewashwa kwa kila msimamizi, wasimamizi wawe wawili, na kijana aliyeacha kazi mwezi uliopita aondolewe leo.

Saa 12:00 jioni

Naweka daftari la oda kando ya dashibodi. Hazitalingana, na hilo si kosa. Kwa kawaida Meta hujihesabia mauzo yaliyotokea ndani ya siku 7 baada ya mtu kubofya, au siku 1 baada ya kuona tu, hata kama mteja angekuja kwa njia nyingine. Upande wa pili, tangu iOS 14.5 (toleo la mfumo wa iPhone) ya Aprili 2021, programu kwenye iPhone lazima ziombe ruhusa ya kumfuatilia mtumiaji, na anayekataa anapunguza kinachoonekana. Kwa hiyo nawauliza wanunuzi "Ulituonea wapi?", linki za tovuti nazitia alama za UTM (maneno ya mwishoni mwa linki yanayoonyesha mteja ametokea wapi), na mwisho wa wiki nagawanya fedha yote iliyotumika kwa oda zote mpya za daftarini. Namba hiyo ikizidi 30, ni hasara, dashibodi iseme inavyotaka.

Saa 3:00 usiku

Kidole kinaniwasha tena. Matumizi ya leo yamevuka bajeti ya siku kidogo. Ni kawaida: Meta huweza kutumia zaidi siku moja na kupunguza nyingine, mradi wiki isizidi mara 7 ya bajeti ya siku. Oda mbili zimeingia kwa lile tangazo lililoonekana mfu asubuhi. Naandika daftarini tarehe ya kulitazama tena, keshokutwa saa 9:00 alasiri, na programu naifunga.