Nimepanda Marangu kumzika babu, nikajifunza kahawa barabarani

Babu alifariki Jumatano usiku, Desemba 18 mwaka 2024, akiwa na miaka 92, na mazishi yakapangwa Jumamosi. Kwa hiyo Ijumaa alfajiri nilikuwa Mbezi stendi nagombania basi pamoja na kila Mchaga aliyeko Dar. Nauli ya wiki ya Krismasi mnaijua wenyewe, nililipa karibu mara mbili ya ile ya Agosti, tena bila kubishana maana nilikuwa na msiba. Kuingia ndani nakuta kiti changu namba 23 kimeuzwa kwa watu wawili. Mwenzangu alikuwa mama mwenye mtoto mchanga, sasa hapo unasemaje? Konda akanikalisha kwenye ndoo katikati, "dada vumilia, Chalinze kuna mtu anashuka". Hakuna aliyeshuka Chalinze. Wala Segera. Iliniuma sana, nililia kimya kimya mpaka Korogwe, na sijui nilikuwa namlilia babu au ile ndoo.

Tukafika Makanya, Same bado iko mbele, mkanda wa injini ukakatika. Saa saba mchana ile, jua la pale mnalijua, vumbi na mikonge tu. Fundi anatoka Same na bodaboda. Tulikaa masaa manne, maji ya kunywa yakapanda bei mbele ya macho yetu.

Mzee mmoja aliyekuwa kiti cha 24 akaniita nikae naye chini ya mgunga. "Shikamoo baba." "Marahaba, umelia njia nzima, nani ametutoka?" Nikamwambia babu, mkulima wa kahawa Marangu. Akanyamaza kidogo akasema pole sana mwanangu, halafu akauliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza: "Kahawa yake alikuwa anaing'ata?"

Nilishtuka. Maana kweli babu alikuwa anang'ata buni! Kila jioni ya msimu alisimama kwenye kichanja cha kuanikia, anachukua punje moja anaweka kwenye gego, anasikiliza, anatema. Sisi watoto tulijua ni mazoea ya uzee kama mtu anavyotafuna mswaki.

Kumbe yule mzee ni wa Kibosho, alikuwa mpokeaji wa kahawa kwenye chama cha msingi cha ushirika tangu 1968. Akanieleza taratibu. Mkulima akija na gunia, yeye haangalii mzani kwanza, anazamisha mkono mpaka kwapani anatoa za chini kabisa, kwa sababu za juu kila mtu anaweka nzuri. Anang'ata. Ikilia kama kijiti kikavu imekauka, ikiingia jino kama karanga mbichi unarudi nayo nyumbani ukaanike upya, "hata awe shemeji yangu". Kahawa mbichi ikiingia ghalani inaota ukungu na kuharibu ya wenzako wote, halafu kule mnadani Moshi bei inashuka kwa kijiji kizima. Ndiyo maana mkulima mwenye aibu anaing'ata mwenyewe kwanza kabla hajaaibishwa foleni.

Tuliongea mpaka jua likashuka. Akanihesabia miaka kwa vidole, KNCU, ule ushirika mkuu wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, kuanza 1933, nikamwambia babu alizaliwa 1932 akacheka, "basi wamekua pamoja". Akasema 1976 serikali ilipovunja vyama vya ushirika yeye alirudi nyumbani mikono mitupu, akasubiri mpaka miaka ya 80 vilipofufuliwa. Na ile bei ya kahawa ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu wakang'oa mibuni wakapanda mahindi na nyanya, na hata yeye mpokeaji aling'oa nusu ya yake. Hapo akainama akachora chini na kijiti.

Babu hakung'oa. Hilo nalijua kwa sababu ndo miaka niliyokuwa sekondari na ada ilitoka palepale, ikichelewa lakini ikija. Nakumbuka shati lake la kazi lilivyokuwa na madoa ya bluu ya mrututu, ile dawa ya shaba, akipulizia chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, na bomba mgongoni, na majani ya mibuni nayo bluu. Baadaye akaenda kuchukua miche mipya ya kituo cha utafiti wa kahawa Lyamungu, isiyoshikwa na chulebuni, akiwa na zaidi ya miaka 70, akapanda chini ya migomba kama mtu anayeanza maisha. Na mimi hapa Dar miaka kumi nakunywa kahawa ya kopo, sijawahi hata siku moja kumuuliza babu unafanyaje kazi yako. Hilo linaniuma kuliko kitu chochote.

Himo tulishuka saa nne usiku, Noah ya kupanda juu ikatutoza mara tatu, nikalipa.

Mazishi sitaeleza, yalikuwa mazishi ya Uchagani, watu wengi, mbege, mvua kidogo. Amelala kihambani, shamba la ukoo, karibu na mfongo, ule mfereji wa maji, mimea ya masale imezunguka. Wasomaji wa wasifu walitaja watoto, wajukuu, kanisa. Kahawa ilipewa sentensi moja, "marehemu alikuwa mkulima".

Jumapili watu wakaanza kuondoka, wengine wanakimbizana na mabasi. Bibi alikuwa amekaa jikoni, akaniuliza kama anajiuliza mwenyewe, "Na ile kahawa nani anaigeuza?" Nikatoka nyuma ya nyumba. Ilikuwa kwenye kichanja, mavuno ya mwisho ya msimu, babu aliivuna na kuiosha kabla hajalazwa, kisha watu walivyochanganyikiwa na msiba wakaifunika turubai na kuisahau. Ilishaanza kunuka unyevu. Nikafunua, nikaitandaza na viganja kama nilivyomwona akifanya, nikichambua zilizoharibika moja moja, ikanichukua mpaka mchana. Halafu nikazamisha mkono pale ilipokuwa imerundikana nikatoa punje ya chini kabisa, nikaweka kwenye gego.

Jino likaingia, haikulia.

Nikarudi jikoni, "Bibi, bado, inataka kama siku mbili za jua." Akaniangalia muda mrefu, akasema, "Basi kaa siku mbili."

Nilikaa tano.