Kompyuta moja, mitandao miwili: nilivyoipanga fayawoli ya duka la dagaa Kirumba

Duka lenyewe ni la dagaa wa jumla, jirani na soko la Mwaloni, Mwanza. Kompyuta kubwa ya ofisini ndiyo inayotunza hesabu na stoo, na ina njia mbili za mtandao: kebo inayoingia kwenye swichi, yaani kisanduku kinachounganisha kompyuta kwa kebo, pamoja na kompyuta za kaunta, na Wi-Fi ya jengo ambayo kila mpangaji anaitumia, na wageni wao pia. Kaunta zilikuwa haziwezi kufungua mafaili ya stoo. Karani aliniambia, "Fundi, si uizime tu hiyo fayawoli? Wateja wanasubiri."

Nilimwelewa, lakini sikuizima. Fayawoli ndiyo mlinzi anayeamua nani aingie kwenye kompyuta kupitia mtandao. Mafaili hayo yanapita kwenye poti 445, yaani mlango wa mtandao wenye namba hiyo, uleule ambao programu hasidi ya WannaCry iliupitia Mei 2017 ikaambukiza kompyuta katika nchi nyingi. Kuiacha wazi kwenye Wi-Fi ya watu usiowajua ni kuwakabidhi daftari la madeni.

Kinachosahaulika na wengi ni kwamba tangu Windows 7 kila muunganisho una profaili yake, yaani kundi la kanuni ambazo fayawoli inazifuata, zote zikifanya kazi kwa wakati mmoja. Kwenye Windows Vista iliyoitangulia ilikuwa moja tu, ile kali kuliko zote, kwa kompyuta nzima. Profaili ni tatu: ya umma, ambayo ni kali; ya binafsi, ambayo imelegezwa kwa mtandao unaouamini; na ya domeni, yaani mtandao wa ofisi unaosimamiwa na seva. Ya domeni huiwekei mkono. Hujiweka yenyewe kompyuta inapoitambua seva ya domeni yake, na dukani hakuna seva hiyo.

Kwanza niliandika ncpa.cpl, inayofungua orodha ya kadi za mtandao, nikabadilisha majina yao: moja nikaiita Kaunta, nyingine Intaneti. Ni kazi ndogo inayookoa muda mwingi baadaye. Kisha nikafungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi, nikaandika Get-NetConnectionProfile ili nione profaili ya kila kadi. Mambo yalikuwa kinyume kabisa: Intaneti ilikuwa Private, yaani binafsi, na Kaunta ilikuwa Public, yaani ya umma.

Sababu ya Kaunta kuwa hivyo ni hii. Windows huutambua mtandao hasa kupitia geti lake, yaani ruta inayoutoa nje. Swichi peke yake haina geti, kwa hiyo mtandao huhesabiwa kuwa haujatambulika na hupewa profaili ya umma. Wapo mafundi wanaoandika geti la uongo kwenye kadi ili utambulike. Mimi siikubali njia hiyo, kwa sababu kompyuta inabaki na njia mbili za kutokea nje na intaneti huanza kukatikakatika bila mpangilio.

Wi-Fi niliirekebisha kwa mstari mmoja:

Set-NetConnectionProfile -InterfaceAlias "Intaneti" -NetworkCategory Public

Kwa upande wa Kaunta ningeweza kuingia secpol.msc, dirisha la sera za usalama, na kuamuru kwamba kila mtandao usiotambulika uwe wa binafsi. Lakini agizo hilo linagusa kompyuta nzima, si kadi moja, na kwenye Windows Home dirisha hilo halipo. Nikachagua kanuni iliyofungwa kwenye kadi yenyewe, inayoruhusu poti 445 kwa anwani za kaunta tu (zinazoanza na 192.168.50):

New-NetFirewallRule -DisplayName "Mafaili ya kaunta" -Direction Inbound -Protocol TCP -LocalPort 445 -InterfaceAlias "Kaunta" -RemoteAddress 192.168.50.0/24 -Profile Any -Action Allow

Kwa kuwa nimeandika Any, yaani yoyote, kanuni hii haijali profaili. Hata Windows ikiendelea kuihesabu Kaunta kuwa ya umma, kompyuta za kaunta zinaingia. Halafu katika wf.msc, dirisha la kanuni za fayawoli, nilihakikisha kanuni za kushiriki mafaili na printa zimezimwa kwenye profaili ya umma, maana aliyetangulia alikuwa amewasha kila kitu.

Kupima ni lazima, tena pande zote mbili. Kutoka kaunta niliandika Test-NetConnection 192.168.50.1 -Port 445, ikajibu True, yaani mlango uko wazi. Kisha laptopu yangu nikaiunganisha kwenye Wi-Fi ya jengo, nikapima anwani ya kompyuta ileile upande huo: False, yaani haupitiki. Hayo ndiyo majibu niliyoyataka.

Ruta ya jengo ikigoma, karani hutumia hotspoti ya simu yake, ambayo Windows huiona kuwa mtandao mpya. Nimemwelekeza kwamba akiulizwa kama kompyuta ionekane na wengine, ajibu hapana. Intaneti inabaki ya umma, na kaunta zinasoma stoo kama kawaida.