Pampu Mpya na Lita 60

Jumamosi nilikuwa nimemwaga boksi la spana chini nilipange upya, mwanangu wa pili akaokota kipande cha mpira unaoonyesha ndani, mita moja hivi, umeshageuka njano kwa uzee. "Baba, huu ni wa kunywea nini?" Nikacheka, kisha nikaunusa. Dizeli ikishaingia kwenye mpira haitoki, hata miaka ipite.

Ni mpira wa mlima wa Kitonga huo, njia ya Iringa. Mwaka 2009, nikiwa bado utingo wa mzee mmoja dereva wa lori, na gari lenyewe la silinda sita, pampu ya nozeli ya mstari, ile inayosukuma dizeli kwenye nozeli za injini, tenki moja la lita 400. Mgongoni tani 28 za mbolea kwenda Tunduma.

Balaa lilianzia Mikumi, kilomita karibu 300 kutoka Dar. Gari likakata pumzi, likazima. Ukipampu kwa mkono linawaka, linakwenda dakika kumi, linazima tena. Fundi wa pale akasema fidi pampu, ile ndogo inayovuta dizeli kutoka tenki, imekufa. Hakuwa mjinga. Fidi pampu ya aina ile hukaa ubavuni mwa pampu ya nozeli na kusukumwa na kemu yake, yaani shafti yenye vinundu. Ndani ina pistoni ndogo, springi, na valvu za kuzuia mafuta yasirudi. Valvu zikichoka, mafuta hurudi kwenye tenki gari likilala, na asubuhi utapiga stata mpaka betri ikuonee huruma. Dalili zililingana. Ikafungwa mpya: nati tatu, gasketi, boliti mbili za banjo zinazopitisha mafuta ndani yake, kila moja na washa mbili za shaba. Washa mpya hazikuwepo, akazichoma zile za zamani mpaka zikawa nyekundu, akazitumbukiza majini. Shaba ikifanyiwa hivyo hulainika na kuziba vizuri tena. Filta zote mbili zikabadilishwa, tukatoa upepo kwenye njia ya mafuta, tukaongeza lita 60 za dizeli, gari likaondoka linaimba. Mzee akalipa na asante juu.

Hizo lita 60 naomba mzishike.

Ruaha Mbuyuni tulipita, vitunguu tukavitazama tu. Katikati ya mlima wa Kitonga, giza limeshaingia, mlio ukaanza kupanda na kushuka kama mtu mwenye kwikwi. Likazima. Nikaruka na gogo, nikazuia tairi la nyuma, nikakata matawi nikayapanga barabarani mbele na nyuma. Malori yaliyokuwa yanapanda yakaanza kutupigia honi.

Nilitegemea matusi juu ya fundi wa Mikumi. Mzee hakusema kitu. Kwanza alifungua kifuniko cha tenki, akasikiliza. Tundu la hewa la kifuniko likiziba, pampu huvuta mpaka ndani kunakuwa hakuna hewa ya kuisaidia, na ukifungua husikia tenki linavuta pumzi: fyuu. Halikuvuta. Akalegeza bomba linalotoka tenki, akaunga mpira huu kati ya bomba na fidi pampu, klipu huku na klipu huku. "Dogo, mulika hapa. Usitazame kingine."

Akaanza kupampu. Nikaona dizeli inapanda polepole, rangi ya mafuta ya alizeti. Ikapita safi kiasi cha kiganja. Halafu kikaja kiputo kimoja, kidogo kama ushanga, kikatembea juu ya mafuta kikapotea kwenye pampu. Nikadhani ni cha kwenye mpira wenyewe. Vikaja viwili. Vikaja vimeshikana kama mkufu. Kisha hata dizeli ikawa haionekani, ni povu tupu, na mkono wa mzee unakwenda bila kukuta uzito wowote. Aliinama akatazama kwa muda mrefu. Lori moja likatupita linaguna kwa gia ya kwanza, taa zake zikapita ndani ya mpira, na kila kiputo kikawaka.

"Umeona pampu inakuja baada ya mpira?" akauliza. Nikaitikia. "Basi upepo umeingia kabla haujafika kwake."

Angekuta mafuta safi lakini mpira unajibana kama mrija wa soda, angejua ni chujio la ndani ya tenki limeziba. Angekuta mafuta safi na mpira haujajibana, ndipo angeilaumu pampu. Kuhakikisha, akachomoa upande wa tenki, akauzamisha mpira kwenye dumu la lita 20 lenye dizeli. Akapampu, akatoa upepo, akapiga stata. Gari likawaka, likasimama kwenye mlio wake robo saa nzima bila kiputo.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Skrubu tano, geji ya mafuta ikatoka tenkini pamoja na bomba la kuvuta dizeli. Pale kikono cha geji kilipokuwa kinaligusa, mtikisiko ulikuwa umelikwangua mpaka likatoboka, tundu la punje ya mtama, chini kidogo ya nusu ya tenki. Mafuta yakiwa juu ya tundu, bomba linavuta dizeli kila upande na hakuna anayejua; Mikumi ndicho kilichofanywa na zile lita 60. Yakishuka, linavuta upepo. Na bomba letu lilikuwa upande wa mbele wa tenki: gari likipanda, dizeli yote inakimbilia nyuma.

Tulivalisha kipande cha mpira wa dizeli juu ya tundu, klipu mbili. Ni dawa ya kufikia Iringa tu, maana mipira mingi haikutengenezwa kukaa imezama. Pale Ipogolo, Iringa, bomba likachomelewa kwa gesi, tukaziba ncha moja, tukapuliza limezama kwenye ndoo ya maji. Kutoa upepo ni hivi: skrubu ya filta kwanza, pampu mpaka povu liishe, unakaza huku bado unapampu, halafu pampu ya nozeli, mwisho nati za nozeli mbili tatu kwa spana 17 au 19. Mwenye komoni reli, zile injini mpya ambazo nozeli zote hugawiwa dizeli na bomba moja la presha kubwa, asithubutu kulegeza mabomba ya nozeli injini ikizunguka. Mle kuna presha ya bar zaidi ya 1,000, inapenya ngozi.

Kosa hili la kuilaumu pampu nakutana nalo mpaka leo kwenye magari yenye pampu ya umeme ndani ya tenki. Tenki linashushwa, pampu inanunuliwa, na hakuna aliyepima umeme kwenye soketi pampu ikiwa inazunguka. Fyuzi, rilei (swichi ya umeme) na waya wa ardhi vingepimwa kwanza, tena bila kumwaga lita moja.

Kuna jambo sikumwambia mzee. Mikumi mimi ndiye niliyechovya kijiti, na niliona mafuta yako nusu. Kitonga nilipotazama geji, mshale ulikuwa pale pale. Nikanyamaza, maana utingo hamfundishi dereva gari. Tajiri alimkata mzee pesa ya ile pampu. Sijui kama ningesema Mikumi ningesikilizwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikujua hata geji imefungwa pamoja na bomba.

Pampu yetu ya zamani ilibaki kwa fundi, kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Ilikuwa nzima. Bila shaka ilikuja kufungwa kwenye gari la mtu mwingine, naye akajaza mafuta akaondoka anaisifu.