Alhamisi za Milano, na swali la bibi

Kazi yangu hapa Milano ni kukaa na mtu mzima. Waitaliano wanaiita kazi ya badante. Sisi tukikutana tunasema tu "niko kwa bibi" na kila mtu anaelewa. Bibi yangu ana miaka 91. Macho yamefifia, hawezi tena kusoma, lakini masikio Mungu amemwachia. Marehemu mumewe aliacha santuri ukuta mzima, opera tupu, yaani michezo ya jukwaani inayoimbwa, na kila jioni baada ya chakula lazima moja izunguke.

Mwaka wa kwanza niliteseka, sisemi uongo. Mimi nimekulia Ng'ambo, Unguja, kwenye taarab, ambako mwimbaji mwenye uchungu anakaa kitini akatulia, uchungu wote akautia kwenye maneno. Huku mtu anachomwa kisu, halafu ndiyo kwanza anaanza kuimba.

Kilichonibadilisha ni maandishi madogo ya nyuma ya jalada. Kwa kuwa bibi haoni, mimi ndiye msomaji wake. Namsomea nani anaimba, nani anaongoza okestra, mwaka gani. Nikinyamaza hapo ananiuliza, "E dove?" Na wapi? Nikimtajia wapi, anatikisa kichwa kama mtu aliyeulizwa habari za jamaa yake. Mwanzoni nikasema ni utu uzima huu. Kwani opera inarekodiwa wapi kama si kwenye jumba la opera? Lakini nilivyozidi kusoma, majibu yakazidi kuwa ya ajabu: hoteli, kanisa, sinema.

Sisi wa kazi za majumbani mapumziko yetu ya desturi ni Alhamisi mchana na Jumapili. Jumapili ina wenyewe, mara shughuli, mara msiba, mara mtu kapika biriani Sesto San Giovanni na usipokwenda utasemwa. Alhamisi ikawa yangu, nikaanza kuzifuata zile anwani.

Ya kwanza ilikuwa Grand Hotel et de Milan, Via Manzoni, hatua chache kutoka La Scala, jumba la opera la Milano. Verdi, mtunzi wa opera, alikuwa akifikia humo, na humo ndimo alimofia tarehe 27 Januari 1901. Alipokuwa taabani, mtaa ulitandazwa majani makavu ili kwato za farasi na magurudumu yasimsumbue mgonjwa. Haikutimia miezi 15, hoteli ile ile ikaingiziwa mizigo ya watu waliokuja kuikamata sauti. Tarehe 11 Aprili 1902, Fred Gaisberg, Mmarekani aliyetumwa na kampuni ya gramafoni ya London, aligeuza chumba cha wageni kuwa studio. Alikuja na mashine, pembe na sahani za nta. Piano ikapandishwa juu ya makasha ilingane na mdomo wa pembe. Kijana wa Napoli, Enrico Caruso, miaka 29, aliyekuwa akiimba La Scala msimu ule, akaingia, akaimba nyimbo 10 mchana mmoja, akapokea pauni 100, akaenda zake.

Hapakuwa na maikrofoni. Sauti iliingia kwenye pembe, ikatikisa kiwambo, kiwambo kikatikisa sindano, sindano ikachimba mfuo kwenye nta. Mwimbaji akikohoa, nta imeharibika, inaletwa nyingine. Bibi ana nyimbo mbili tatu za siku ile kwenye mkusanyiko wa baadaye, na mara ya kwanza kuzisikia nilimwambia, "Signora, huyu kama anaimba ndani ya kopo." Akacheka. Akanieleza kwamba pembe haikusikia chumba. Ilisikia kilicho mdomoni pake tu, na ndiyo sababu chumba cha hoteli kilitosha. Ungeweza kumrekodi Caruso stoo, tofauti isingekuwa kubwa.

Maikrofoni zilipoanza kutumika mwaka 1925, mambo yakageuka. Maikrofoni inasikia kila kitu: dari, mbao, kiti kinacholia, mwangwi unaorudi kutoka nyuma ya ukumbi. Tangu hapo chumba nacho kikawa kinaimba, na kutafuta mahali pa kurekodi kukawa sawa na kutafuta mwimbaji. Siku aliponielewesha hilo ndipo nilipojua kwa nini anauliza wapi.

Santuri anayoipenda kuliko zote ni opera ya Tosca ya 1953, wakiimba Maria Callas, Giuseppe Di Stefano na Tito Gobbi, Victor de Sabata akiongoza okestra. Hii ilirekodiwa ndani ya La Scala kwenyewe, kuanzia tarehe 10 hadi 21 Agosti. Agosti Milano ni mji uliohamwa. Maduka yamefungwa, watu wako baharini, mbu peke yao ndio wamebaki kazini. Jumba la opera nalo limefunga msimu, na hiyo ndiyo nafasi ya watu wa santuri. Miaka 10 kamili kabla, Agosti 1943, mabomu ya Waingereza yaliliangusha paa jumba hilo, na lilijengwa upya likafunguliwa Mei 1946 Toscanini akiongoza okestra. Kwa hiyo mwangwi unaousikia kwenye Tosca ile ni wa dari mpya. Bibi anayakumbuka mabomu. Hayazungumzii sana, nami simchokonoi.

De Sabata hakuwa mtu wa kuridhika. Gobbi amesimulia kwamba maneno yake ya tendo la kwanza alirudishwa kiasi cha mara 30. Mwisho wa tendo hilo kuna Te Deum, wimbo wa kanisani wa kumsifu Mungu: kengele, kwaya, mizinga, na katikati yake Scarpia, yule mwovu anayeimbwa na Gobbi, anajisemea uovu wake. Sehemu hiyo ndiyo niliyoikwaruza. Nilikuwa nafuta vumbi, mkono ukateleza, sindano ikapita kwenye santuri kama kucha. Sasa kila tukifika pale Gobbi anarudia neno moja mara tatu mpaka niisukume sindano kwa kidole. Nilidhani nitafukuzwa. Bibi akasema, "Basi sasa ni mara 33."

Baada ya Tosca nikaanza kuzipanga tarehe. Agosti, La Scala. Septemba, La Scala. Lakini I Puritani ya Callas huyo huyo ni Machi 1953, na jalada linasema Basilika ya Sant'Eufemia. Norma yake ya kwanza ni Aprili na Mei 1954, na jalada linasema Cinema Metropol. Mtu hahitaji shahada hapo. Machi na Aprili jumba liko kazini, usiku kuna maonyesho, mchana mazoezi, na kampuni ya santuri inapaswa kujitafutia pa kwenda. Wakaenda kanisani, wakaenda sinema.

Sant'Eufemia iko kando ya Corso Italia, unashuka metro Missori unatembea kidogo. Niliingia na mtandio wangu kichwani, kimya, na mama mmoja wa Kiitaliano akanipisha kwa heshima akidhani mimi ni mcha Mungu wa dini yake. Nilisubiri mpaka alipotoka. Kisha nikapiga kofi moja. Mwangwi ulipanda, ukazunguka juu, ukarudi umechelewa, mrefu na laini. Nikaona haya, nikatoka haraka. Nyumbani tulipoiweka I Puritani, nikausikia mwangwi ule ule umejikunja nyuma ya kwaya. Katika kanisa hilo hilo, mwaka huo huo, walirekodi pia Cavalleria rusticana, hadithi ya Pasaka katika kijiji cha Sisilia, yenye watu wanaoimba sala. Mabwana wale walikosa ukumbi wakapata kanisa la kweli kwa ajili ya opera ya kanisani. Wangeitafuta kwa makusudi wasingeipata. Linalopakana nalo, San Paolo Converso, lilishaacha kusaliwa zamani, na katika karne ya 20 nalo likatumika kama studio.

Metropol iko Viale Piave, tramu namba 9 inapita mlangoni. Hakuna filamu tena. Jengo ni la kampuni ya mitindo sasa, na siku niliyokwenda palikuwa na wasichana warefu wanavuta sigara nje, wembamba kama njiti za kiberiti. Hapo ndipo Callas aliimba Norma mwaka 1954, Tullio Serafin akiongoza. Mwaka 1960 akaimba Norma tena, Serafin yule yule, ila Septemba, La Scala, na safari hii kwa stereo. Santuri zote mbili tunazo. Bibi huniwekea mtihani: anafumba macho, kama vile akiyafumbua ataona, ananiambia niweke moja bila kumtajia. Hajakosea hata mara moja. Nami sasa sikosei, ingawa mwanzo nilikuwa nabahatisha kwa sauti ya Callas, maana mwaka 1960 noti za juu zinamtikisika. Bibi akasema huo ni wizi, nisisikilize mwimbaji, nisikilize kwaya inaponyamaza. Kwenye sinema kwaya ikinyamaza, sauti inakatika pale pale, kama imeangukia godoro. Kwenye La Scala inabaki hewani kidogo, halafu ndiyo inaondoka. Ukumbi wa sinema hutengenezwa uimeze sauti, ili maneno ya filamu yasikike. Jumba la opera linaifuga.

Roma sijaifuata kwa miguu. Roma naijua kwa majalada. Decca, kampuni ya santuri ya Waingereza, ilipiga kambi kwenye ukumbi wa Accademia di Santa Cecilia, ikamrekodi Renata Tebaldi na Carlo Bergonzi katika Butterfly ya 1958 na La bohème ya 1959, maikrofoni tatu zikining'inia kwenye fito zenye umbo la T juu ya kichwa cha kiongozi wa okestra. Wamarekani wa RCA, kampuni nyingine ya santuri, walichukua jumba la opera la Roma wakati wa kiangazi, waimbaji wao wa New York wanapokuwa likizo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakawa na studio zao wenyewe Via Tiburtina, nje ya mji.

Na hapo kwenye majalada ya RCA ndipo nilipokutana na uso wa mtu mweusi. Nilikuwa nimezoea picha za wanawake weupe wenye mataji, nikavuta jalada moja, namwona mama mweusi ananitazama. Leontyne Price, mwimbaji Mmarekani, mzaliwa wa Laurel, Mississippi. Mwaka 1959 alirekodi Il trovatore Roma, wakati Metropolitan, jumba la opera la kwao New York, bado haijampandisha jukwaani. Alikuja kuimba huko Januari 1961, na ni opera hiyo hiyo. Akarekodi Aida Roma 1961, Butterfly 1962. Mimi si mtu wa kulia kwa santuri, lakini jioni ile niliomba ruhusa nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Kwenye tramu hii ya Milano kuna watu mpaka leo wakiniona wanasogeza mkoba. Na kuna mama aliyesimama katikati ya Roma, Waitaliano themanini wamemzunguka na fidla zao, wakimsubiri yeye avute pumzi.

Mambo hayo siku hizi yamepungua. Santuri nyingi za opera ya Kiitaliano zilihamia London, kwenye Kingsway Hall, ambako okestra zilisoma noti haraka na saa za studio hazikupotea. Kiongozi wa okestra Claudio Abbado alibaki Milano na watu wake wa La Scala, lakini Macbeth ya 1976 na Simon Boccanegra ya 1977 alizirekodia kwenye studio za Centro Telecinematografico Culturale. Sasa nyingi zinanaswa jukwaani mbele ya watu, pamoja na kikohozi chao. Antonio Pappano, naye kiongozi wa okestra, ndiye aliyeendeleza mtindo wa zamani, kwenye ukumbi mpya wa Santa Cecilia uliochorwa na Renzo Piano. Aida yake ya 2015 imerekodiwa humo bila watazamaji. Bibi ameisikia kwa simu yangu. Alisema ni nzuri, ukumbi msafi mno.

Simu hiyo hiyo ndiyo niliyomwekea Siti binti Saad. Nilikuwa nimemweleza kwamba kampuni iliyompa Caruso pauni 100, kampuni ya yule mbwa anayesikiliza pembe, ndiyo iliyomrekodi Siti wetu. Caruso walimfuata mpaka hotelini. Siti na wenzake ilibidi wapande meli mpaka Bombay, mwaka 1928, kwenda kuimba Kiswahili mbele ya mafundi wasiojua neno lake hata moja. Nyanya yangu alikuwa akisema santuri zile ziliposhushwa Unguja watu walijazana madukani mpaka njia ikaziba.

Bibi alisikiliza wimbo mzima bila kusema kitu. Udi, fidla, ile sauti kavu yenye kukwaruza kidogo. Nikasubiri aulize anaimba nini, nikawa nimeshaandaa tafsiri.

"E dove?"

"Bombay, Signora."

"Bombay najua, umeshaniambia." Akainamisha kichwa upande wa sikio lake zuri. "Rudia pale anapoacha kuimba, kabla fidla haijaingia."

Nikarudisha. Mara ya pili. Mara ya tatu.

"Chumba kidogo," akasema. "Ukuta uko nyuma yake, karibu. Na wamefunga madirisha."

Nikamwuliza amejuaje madirisha. Hakunijibu, alikuwa ameshanyoosha mkono kuitafuta simu.