Vileni Viwekwavyo Mbele Yenu

Tafakari ya juma hili. Somo: Luka 10:1-9

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wengi mmekuwa mkiniuliza nje ya kanisa habari za binti yetu wa kwaya ya vijana, yule aliyeondoka Oktoba kwenda kusoma muhula mmoja Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Yu mzima, anawasalimu nyote, na ameniruhusu niandike haya mradi nisimtaje jina. Habari zake ndizo zilizonirudisha kwenye Luka 10, pale Bwana anapowatuma wale sabini, wawili wawili.

Mnaikumbuka shughuli ya kumfungia mizigo. Sanduku lilitakiwa lisizidi kilo 23, na kila nyumba ilitaka nafasi yake humo. Unga wa mahindi, achari ya maembe, pilipili ya kusaga, mabuyu mekundu ya Mji wa Kale hapa Mombasa, leso, masala ya chai. Shangazi yake alileta sambusa za nyama alizozigandisha, ikabidi aelezwe kwamba Umoja wa Ulaya haumruhusu msafiri kuingia na nyama wala maziwa kutoka huku kwetu. Alinuna mpaka kwenye maombi ya kuagana. Koti la baridi lilipatikana Kongowea kwenye mitumba, lebo ya Kijerumani ingali shingoni. Lilikuja kwa meli, likarudi kwao kwa ndege.

Yote hayo ni mapenzi, na simlaumu mtu. Ila nikifika mstari wa nne namwona Bwana akifanya kinyume chetu kabisa: "Msichukue mfuko, wala mkoba, wala viatu." Mahubiri mengi huishia hapo, kwamba ukiwa na imani Mungu atakupa. Ni kweli. Lakini endelea kusoma uone atakupa kwa mkono wa nani. "Basi kaeni katika nyumba iyo hiyo, mkila na kunywa vya kwao." Na mstari wa nane unasisitiza: "vileni vyakula viwekwavyo mbele yenu." Anayepika ni mwenyeji, mtu ambaye pengine hata ujumbe wenyewe hajausikia. Mjumbe wa Bwana anabisha hodi mikono mitupu, anatoa salamu ya amani, kisha anakaa kitako na kupokea. Nionavyo mimi, mkoba walinyimwa makusudi, wasije wakaingia katika mji wa watu na kuishi humo bila kuwahitaji watu wake.

Sisi wa Pwani kukaribisha hatujambo. Kukaribishwa ndiko kunakotushinda. Tunajua kusema "karibu" kwa namna ishirini, lakini tukiwekewa sahani ya mtu tusiyemjua tunasema tumeshiba.

Binti yetu alifika hosteli Jumamosi usiku, akajiambia kesho atakwenda dukani. Kesho yake akakuta mji umefungwa. Kule Jumapili inalindwa na katiba yenyewe kuwa siku ya mapumziko, na maduka ya vyakula hayafunguliwi, isipokuwa viduka vichache kama vya stesheni na vituo vya mafuta, navyo mgeni wa usiku mmoja hajui viliko. (Sisi tunaopitia sokoni kununua nyanya tukitoka ibadani, hili tukae nalo kidogo.) Unga alikuwa nao, sufuria hana. Akawa anafungua makabati ya jikoni ya pamoja, moja baada ya jingine, yote yana majina ya watu.

Msichana wa chumba cha jirani akamkuta hapo. Ni mwanafunzi kutoka Uturuki, Mwislamu. Hakuuliza mengi. Akaweka mezani mkate, zeituni, tango na nyanya zilizokatwa, jibini nyeupe, na chai nyeusi ndani ya kibilauri kisicho na mkono. "Sturungi kabisa," aliniandikia. Ile adabu yetu ya kukataa ilimfika mdomoni, naye tumbo halina kitu tangu ndegeni. Kisha akavuta kiti, akala. Akaongezewa, akala tena.

Mabuyu yalitoka sandukuni jioni ile, na watu wa korido nzima wakaonyeshana ndimi nyekundu. Lakini angalieni mpangilio: kupokea ndiko kulikotangulia.

Habari za baridi sitawachosha nazo. Itoshe kusema kwamba mwezi wa Desemba jua la kule linatua saa kumi na nusu jioni, wakati huku watoto bado wanacheza mpira uwanjani, na kwamba saa za huko zikirudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba tofauti yetu inakuwa saa mbili badala ya moja, ndiyo maana alikuwa anachelewa kwenye maombi yetu ya simu. Gumu zaidi lilikuwa upweke. Stuttgart kuna Wakenya, na kwa treni ni mwendo wa saa moja hivi, kwa hiyo alikuwa anakimbilia huko kila mwisho wa juma kula chapati na kucheka kwa Kiswahili. Nani atamlaumu? Lakini Bwana ana neno hata kwa hilo: "Msihame-hame kutoka nyumba hii kwenda nyumba hii." Hakumkataza mtu kuwaona ndugu zake. Alijua tu kwamba anayetafuta kila mara nyumba yenye chakula anachokizoea hataijua kamwe nyumba aliyofikia.

Sasa Jumapili anasali pale mjini, na bibi mmoja mzee wa kanisani amemzoea. Humwalika kwa kahawa na keki saa tisa alasiri, na saa tisa ya kule ni saa tisa, si saa tisa ya kwetu. Wanaongea Kijerumani cha kuokoteza. Bibi humsahihisha vitenzi, humwongezea keki, halafu humwonyesha picha za marehemu mumewe. Nimesikia wengine wetu wakisema Ulaya Mungu ameshahama, tumtumie mtoto kama mmishenari. Nasema taratibu: kwanza ale keki ya huyo bibi.

Kuna jambo katika historia yetu linalonipa ujasiri wa kusema hivyo. Kijiji cha Derendingen, ambacho leo ni mtaa wa Tübingen, ndicho alikozaliwa mmishenari Johann Ludwig Krapf mwaka 1810, mtoto wa mkulima. Theolojia aliisoma katika chuo kikuu hichohicho, kilichoanzishwa 1477. Mwaka 1844 akafika hapa Mombasa na mkewe Rosine, mkononi ana barua ya Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, Mwislamu, akiwaagiza watu wake wamtendee mema. Mwezi wa Julai mwaka uleule homa ikamuua Rosine, na kitoto chao kichanga kikamfuata. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Tunavuka Daraja la Nyali asubuhi na jioni tukigombana na makondakta, na sijui ni wangapi kati yetu wanaokumbuka kwamba kaburi lile liko upande huo.

Huwa tunaisimulia habari ya Krapf kama habari ya mtoaji: alileta Neno, akaandika kamusi, akafungua kituo cha misheni cha Rabai pamoja na mmishenari mwenzake Rebmann mwaka 1846. Haya yote ni haki yake. Lakini isomeni tena mkiwa na Luka 10 mkononi. Maji aliyokunywa yalitoka katika visima vya watu wa hapa. Lugha aliyoitumia kuhubiri alifundishwa na wenyewe. Alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa. Kabla hajawa mwalimu wa mtu yeyote katika pwani hii alikuwa mgeni wa Waislamu, mfiwa, mgonjwa, anayeuliza hiki kinaitwaje na kile kinaitwaje. Injili ilitufikia kupitia mtu aliyekubali kulishwa.

Na Bwana mwenyewe, akielezea siku ya hukumu katika Mathayo 25, hasemi nalikuwa mwenyeji. Anasema "nalikuwa mgeni, mkanikaribisha." Alichagua upande wa yule anayesubiri nje ya mlango.

Nije nyumbani, maana ni rahisi kuzungumzia Tübingen. Katika ushirika wetu kuna watu tunaowaita "wa bara" mpaka leo, ingawa wengine watoto wao wamezaliwa Makadara na Kiswahili chao kinawashinda wa kwetu. Kuna wanafunzi waliopanga vyumba Tudor, wametoka Kitui na Kakamega, wanakaa benchi la nyuma na kutoka kabla ya matangazo. Tunawakaribisha, sikatai. Tunawaalika pilau Krismasi, tunawapakulia, tunawaambia kuleni msione haya. Lakini sisi tumekula kwa nani? Mama mmoja Mkamba amefagia kanisa hili miaka na miaka, na chakula chake hatukijui ladha. Kila tukienda kumtembelea tunabeba chetu, tena tunakisifu kwamba ni zawadi. Tukimfanyia hivyo kila mara tunamwambia bila kusema kwamba kwake hakuna kitu tunachokihitaji.

Tuombe. Bwana uliyeketi mezani kwa Zakayo na kwa Martha, mwangalie mtoto wetu anapojiandaa kwa mitihani ya Februari. Wabariki msichana yule wa Uturuki na bibi yule, pamoja na meza zao. Tupe na sisi unyenyekevu wa kuketi tunapokaribishwa. Amina.

Tangazo moja ambalo limetokana na haya. Mama niliyemtaja nilimwendea juzi, nikamwomba atupokee ushirika wa Alhamisi nyumbani kwake Changamwe. Alicheka, akauliza kama tuna hakika, kisha akasema atapika muthokoi. Tuanze saa kumi na moja jioni. Waliozoea kubeba pilau na viazi vya nazi, safari hii tafadhali viacheni nyumbani.