Kiwavi Aliyetemwa

Mbuzi wa bibi yangu walikula karibu kila kitu. Walitafuna magunzi, maboksi, hata mkeka uliosahaulika juani. Lakini kulikuwa na mmea uliojiotea nyuma ya zizi, kwenye shamba lililoachwa, ambao waliupita kila siku kama haupo. Majani yake membamba, matunda yamevimba kama puto na kuota vinywele laini, na ukikwanyua jani tu unachuruzika utomvu mweupe. "Mume wangu," bibi aliniambia, kwa utani wa bibi na mjukuu, "hayo maziwa yasikuingie machoni. Utapofuka."

Ilikuwa likizo ya Juni, niko darasa la sita, huko vijijini Kondoa. Asubuhi moja nilimkuta kwenye mmea huo kiwavi mnene, mwili wote mistari myeusi na myeupe yenye madoa ya njano, na mgongoni jozi tatu za vipembe vyeusi, laini. Nikachutama kumtazama. Hakuanza kula mara moja. Alitafuna kwanza mshipa mkuu wa jani, karibu na kikonyo, utomvu ukatoka, ukaganda pale pale. Jani likalegea na kuinama. Ndipo akasogea mbele ya jeraha lile, akaanza kula kutoka ukingoni, bila haraka.

Nilikata tawi zima nikampelekea bibi uani, alikokuwa anapepeta mtama. Kabla sijasema neno, mtetea mmoja alikuja mbio akamdona kiwavi na kumnyanyua. Mara akamtema. Akatikisa kichwa kwa nguvu, akafuta mdomo ardhini upande huu na upande huu, kisha akaenda moja kwa moja kwenye gae la maji. Kiwavi alijikunja, akatulia kidogo, akajikunjua, akaanza kutambaa.

Bibi aliweka ungo chini. "Kuku amekataa mdudu?" Hajawahi kuona.

Jibu nililipata chuoni, miaka mingi baadaye, na hadi leo linanisisimua. Utomvu ule una sumu za moyo ziitwazo kadenolidi. Kila seli ya mnyama ina pampu inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Sumu hii huing'ang'ania pampu hiyo na kuizuia. Ikiwa kidogo, mnyama hutapika. Ikizidi, moyo hupoteza mapigo yake. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hupaka mishale yao utomvu wa mimea yenye sumu za jamii hiyo hiyo. Mwaka 1968 wanasayansi Tadeus Reichstein, Miriam Rothschild na wenzao walitangaza kwamba wamezikuta ndani ya kipepeo monaki, ndugu wa Marekani wa kiwavi wangu. Pampu ya monaki imebadilika, hasa katika nafasi ya 122 kwenye mnyororo wa protini inayoiunda, kiasi kwamba sumu haishiki vizuri. Basi mmea umejitengenezea silaha, na mdudu anayeutafuna anaikusanya mwilini anapokuwa kiwavi, anaibeba hadi ndani ya pupa, kisha anaruka nayo mabawani.

Wangu alikuwa Danaus chrysippus, yule kipepeo wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa nyeusi zenye madoa meupe, anayeruka polepole kana kwamba hana adui. Si kila mmoja wao ana sumu. Inategemea alilelewa kwenye mmea gani, na wengine hawana kitu kabisa.

Siku mbili tatu baadaye nilimtupia mtetea yule yule kiwavi mwingine wa aina ile. Alimtazama kwa jicho moja, akamzunguka, akaendelea kuchakura. Hapo ndipo ninapoona uzito wa zile rangi: ndege aliyeonja mara moja anawaacha hata wale wasio na sumu. Majike wa kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, ambao viwavi wao hawali mmea ule kabisa, wana mabawa yanayofanana mno na ya Danaus, nao huponea humo humo.