Mapambo ya Pasaka kwa vitu vya zamani na kazi za mikono, nyumba ikiwa kwenye ubaridi wa masika

Pasaka haiangukii kabla ya tarehe 22 Machi wala baada ya tarehe 25 Aprili. Kwa wakazi wa Mbeya, Iringa na Njombe maana yake ni moja: mvua bado zipo, nguo hazikauki, na ukuta wa sebule una unyevu. Maelekezo mengi ya mapambo yameandikwa kwa ajili ya nyumba kavu zenye jua. Ukiyafuata hivyo hivyo huku, gundi haitashika, karatasi italegea na mayai yatanuka. Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza ni kuhusu muda: kazi yoyote ya gundi, wanga au rangi ianze wiki tatu kabla. Pasaka ya mwaka 2027 ni tarehe 28 Machi, kwa hiyo mwanzo wa Machi uwe tayari na vifaa vyako.

Ushauri wa pili ni kutopamba nyumba nzima. Chagua sehemu moja, meza ya sebuleni au kabati la vyombo, uipambe vizuri. Vitu vya zamani vinahitaji nafasi ili vionekane. Ukivibana pamoja, macho yanaona stoo tu.

Tuanze na vyombo vya bati vyenye enameli: sahani nyeupe zenye ukingo wa bluu, mabakuli yenye maua, birika, vikombe vikubwa vya chai. Kabla hujaenda kutafuta kwenye soko la Mwanjelwa, Mbeya, au kwa wauza vyombo chakavu, uliza kwanza jikoni kwa bibi. Usivisugue kwa stiliwaya hata kama vimeganda masizi, kwa sababu inakwangua ule mng'ao na haurudi tena. Changanya magadi soda na maji kidogo hadi yawe mazito, paka, acha dakika 20, kisha sugua kwa kitambaa. Pale enameli ilipobanduka na kutu kuingia, chovya nusu ya limao kwenye chumvi, sugua hapo tu, acha dakika 10, suuza. Hatua inayosahaulika ni inayofuata: kausha papo hapo karibu na jiko, maana chuma kilichotoka kwenye limao kikiachwa na maji kinashika kutu mpya siku hiyo hiyo. Kikishakauka na kupoa, paka vaselini kidogo sana kwenye jeraha hilo. Na tunasisitiza: enameli za zamani, hasa zile za rangi nyekundu na njano, zinaweza kuwa na madini yenye sumu ya risasi au kadimiamu. Kikombe kilichobanduka kiwekwe maua, si chai. Bakuli lililobanduka litandikwe kitambaa kabla ya kuwekwa mayai ya kuliwa.

Taa ya chemli inapendeza kuliko karibu kitu chochote kingine kwenye meza ya Pasaka, ila harufu ya mafuta ya taa inaweza kuharibu kila kitu. Mwaga mafuta yote, toa utambi, osha tangi kwa maji ya moto na sabuni mara mbili tatu, kisha liache wazi barazani siku kadhaa. Waya za kulinda kioo zikiwa na kutu, zifute kwa kitambaa chenye siki, lakini usizilaze ndani ya siki usiku kucha: nyingi zimepakwa bati jembamba na siki italila. Kioo kisafishwe kikiwa kimepoa kabisa. Ndani weka taa ndogo ya betri. Mshumaa karibu na lesi, ukindu na karatasi ni hatari isiyo na sababu.

Sasa mayai, ambako ndiko kwenye kazi yenyewe.

Mayai mengi ya kisasa yanayouzwa kwa trei ni ya kahawia, na rangi za asili hazionekani vizuri juu yake. Tafuta ya kienyeji yenye ganda jeupe au la krimu. Yaoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kwa sababu mafuta ya vidole yanaacha mabaka. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji yanachemka yakiwa kama nyuzi 94 badala ya 100. Yai linalohitaji dakika 10 Dar es Salaam huku lipe 12 hadi 13 tangu maji yaanze kutokota, la sivyo kiini kitabaki laini.

Kwa rangi ya matofali, chukua maganda makavu ya vitunguu kama 12, maji lita 1, chemsha dakika 30, chuja, acha yapoe, tia siki vijiko viwili vya chakula. Maganda ya vitunguu vyekundu hayatabiriki: mara hudhurungi iliyoiva, mara inaelekea kijani. Jaribu yai moja kwanza. Kwa njano, vijiko vitatu vya manjano ya unga kwa lita moja. Kwa bluu, nusu ya kabichi ya zambarau iliyokatwakatwa. Maji yake ni ya zambarau lakini ganda la yai linayageuza kuwa bluu, na ukiliacha usiku kucha bluu inakolea. Bitiruti tunaiacha: siku ya kwanza inavutia, baada ya siku chache kwenye mwanga inakuwa kahawia iliyofifia. Siki ina kazi yake. Inakwangua ganda kidogo ili rangi ishike. Ukizidisha, ganda linatoa mapovu na rangi inabanduka vipande vipande ukiifuta.

Ukitaka picha ya jani juu ya yai, lowesha jani la giligilani, lilaze kwenye ganda na ubonyeze kila ncha hadi ilale. Funika kwa kipande cha soksi ndefu ya nailoni ya mtumba, vuta hadi ikaze kama ngozi ya ngoma, funga kwa uzi upande wa nyuma. Zamisha kwenye rangi ya vitunguu iliyopoa, saa mbili au zaidi. Toa, acha likauke likiwa ndani ya soksi, ndipo ufungue. Ukifungua bichi, rangi inaingia chini ya jani na mishipa yote inapotea. Soksi ikilegea, matokeo ni yale yale.

Mayai ya kuliwa yasikae mezani zaidi ya saa mbili. Ya mapambo ya kudumu yatolewe ute kabla ya kupakwa rangi. Toboa juu tundu dogo kwa sindano nene, chini tundu la milimita 4 au 5, vuruga kiini kwa sindano hiyo, kisha sukuma hewa kupitia tundu la juu kwa bomba la sindano la mililita 10, lisilo na sindano, kutoka duka la dawa. Ni safi kuliko kupuliza kwa mdomo. Kilichotoka kikaangwe siku hiyo hiyo. Suuza ndani kwa maji yenye sabuni na tone la siki hadi yatoke meupe, kisha simamisha ganda tundu kubwa likiwa chini, juu ya njiti, sehemu yenye joto la jiko, siku mbili hadi tatu. Hapa ndipo masika yanapowashinda wengi: ganda linakauka nje, ndani lina unyevu, na wiki ya pili linanuka. Na kwa sababu ganda tupu linaelea, likandamize kwa sahani ndogo ndani ya rangi.

Mayai makubwa ya uzi yanafumwa juu ya puto. Puliza puto dogo, lipake vaselini, changanya gundi nyeupe ya mbao na maji nusu kwa nusu, pitisha uzi wa pamba wa kufumia ndani yake na uzungushe kila upande. Acha nafasi, ila zisizidi upana wa kidole. Ning'iniza saa 48. Toboa puto karibu na fundo ili litoe hewa taratibu. Likipasuka kwa kishindo linavuta nyuzi na yai linabonyea. Watu wengine hukaza uzi kwa maji ya sukari badala ya gundi. Kwenye unyevu wa huku sukari inarudi kunata, na sisimizi wanafika kabla ya wageni. Hiyo pia ndiyo sababu tunapiga wanga wa unga wa muhogo vile vitambaa vyeupe vya makochi vilivyofumwa zamani: vijiko viwili vya unga kwa nusu lita ya maji, upikwe hadi uwe uji mwepesi, chovya, kamua, tandaza kwenye taulo, nyoosha kwa pasi kikiwa bado na unyevu.

Kikapu cha Iringa cha milulu ndicho kiota bora. Cha zamani kikiwa na ukungu, usikiloweke. Kifute kwa kitambaa chenye siki, kianike jua linapochomoza. Ndani tandika majani makavu ya mgomba yaliyochanwa nyuzi nyuzi. Chungu cha Wakisi kutoka ufukwe wa Ziwa Nyasa kinafaa sana kwa maua, lakini kinavuja jasho na kuacha duara jeupe kwenye mbao, kwa hiyo ficha kopo la maji ndani yake. Mayungiyungi meupe ya bustanini yanatosha. Utomvu wake unawasha, yawekwe mbali na watoto. Maua ya Kitulo yabaki Kitulo, ile ni hifadhi ya taifa.

Rangi iwe nyeupe na dhahabu, ndizo za Pasaka. Zambarau ya Kwaresima iondoke Jumamosi jioni.

Matawi ya Jumapili ya Matawi yasukwe misalaba siku ile ile, yakiwa bado laini. Yakishakauka, yaloweke kwenye maji ya vuguvugu nusu saa kwanza. Baada ya Oktava, yaani siku nane za Pasaka, hifadhi misalaba hiyo kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa nailoni unaiozesha. Wakatoliki wataihitaji tena: mwakani, kabla ya Jumatano ya Majivu, itarudishwa kanisani ichomwe majivu.